Filamu Iliyokwama Kwenye Chungu

Kezia alikataa mrija.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yakienda kama yanavyokwenda siku zote. Chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa katikati ya ua wa Mzee Felisiani, pale Nyakitonto, kimekalishwa juu ya kata ya majani ya mgomba, povu likipumua polepole kama mtu aliyeshiba. Mirija ya matete ilikuwa minane, imeoshwa na kuanikwa. Aliyekuwa akiigawa ni Mzee Manirambona, mfungua vyungu. Kwa miaka thelathini hakuna binti aliyeposwa upande ule bila mzee huyo kuonja kwanza, na wenye midomo yao walisema wapo walioozwa haraka kwa sababu tu jua lilikuwa kali na yeye alikuwa na kiu.

Alimpa mrija Felisiani, baba wa binti. Akampa Marcel, jirani. Alipomfikia Kezia, shangazi aliyemlea bwana harusi tangu akiwa yatima wa miaka sita, mwanamke mwenye duka la vitenge Kibondo na ulimi unaojulikana hadi Kasanda, mama huyo aliingiza mikono yake chini ya kitenge akaificha.

"Chungu hiki kimeshanywewa," alisema.

Manirambona aliinama akachungulia. "Kimejaa mpaka shingoni, mama. Hata nzi hajaingia."

"Sisemi pombe. Nasema posa."

Nyuma ya mlango wa jiko, Evaline alikuwa amesimama na kitenge kipya, akisubiri kuitwa. Alisikia ua mzima ukinyamaza, kuku peke yao wakiendelea na mazungumzo. Mama yake, Generosa, aliyekuwa amebeba sinia la ndizi, alibaki amelibeba.

Kezia akatoa simu kifuani. Tangu alfajiri alikuwa ameishika kama mtu aliyebeba yai. Alipopita Kasulu mjini kwenye mtandao mzuri aliiacha picha ijivute mpaka ikagoma, akaisimamisha hapo, na njia nzima akamkataza Isack, huyo bwana harusi mwenyewe, kuigusa hata kwa kucha. Kilichobaki ndani kilikuwa cha sekunde arobaini. Aliiweka simu juu ya kigoda kitupu, akabonyeza.

Walioinama kutazama waliona ua uleule. Waliona chungu kilekile. Kwenye kigoda kilekile alikaa Felisiani na koti lake la kahawia, kulia kwake Marcel, kushoto Manirambona na mirija mkononi. Mbele yao alikaa kijana mwenye suti asiyejulikana. Felisiani wa kwenye simu alikohoa, akasema, "Binti ni wenu. Mkimkuta na njaa mlisheni. Mkimkuta na kosa mrudisheni kwetu, msimpige." Kisha wazee wote wakainamia chungu, mashavu yakaingia ndani. Hapo kikatokea kiduara cheupe usoni pa Felisiani, kikaanza kuzunguka, na picha ikasimama.

Felisiani wa kwenye kigoda aliona aibu ya ajabu. Maneno yale alikuwa ameyaandaa kwa ajili ya leo. Hakuwa na mengine.

"Huyu ni nani?" Kezia aliuliza.

"Ni mimi."

"Na huyu mwenye suti?"

"Huyo Saady. Fundi simu wa Kasulu mjini."

"Kwa hiyo binti umemwoza fundi simu, sisi umetuitia mabaki."

"Hapana, mama, tuliigiza! Ni filamu. Khatibu, yule aliyekuwa anauza CD pale sokoni, alikuja na kamera mwezi wa sita. Alitafuta ua wenye migomba. Alinipa elfu kumi na soda."

"Pombe ilikuwa ya kuigiza?"

Felisiani alimtazama mke wake. Generosa akatazama sinia. "Pombe niliipika mimi," alisema. "Ilikuwa nzuri tu."

"Wazee ni wa kuigiza?"

Wazee walitazamana. Walikuwa walewale.

Manirambona alijikuna kichwa kwa ncha ya mrija. "Mimi kusema kweli nilikifungua," alisema. "Nilisema maneno yote ya kufungua. Yule mwenye kamera aliniambia, 'Mzee, fanya kama kweli.' Mimi kufanya kama kweli sijui. Najua kufanya kweli."

"Unasikia?" Kezia alimgeukia Isack. "Unasikia mwenyewe?"

"Na ng'ombe alikuwepo," Manirambona aliendelea, kwa kuwa mtu akishaanza kusema ukweli mbele ya chungu hajui aishie wapi. "Ng'ombe wa Marcel. Alikodishwa kwa siku moja, akatolewa kama mahari, jioni akarudi kwa Marcel. Sasa hapo ndipo ninapotatizika. Kijana alikunywa, lakini aliyetoa ng'ombe ni Marcel. Aliyeoa ni yupi?"

Marcel aliangusha mrija. "Mimi? Nina miaka sitini na mitatu na goti bovu! Ng'ombe alikwenda kutembea tu!"

Mmoja wa wageni alicheka, Kezia akamkata kwa jicho, kicheko kikarudi kilikotoka. Generosa akaona amwokoe mumewe. "Lakini mwisho wa filamu ile ndoa inavunjika. Si ndiyo, Baba Evaline?"

"Inavunjika," Felisiani alisema haraka.

"Umeuona mwisho wake?" aliuliza Kezia.

Felisiani hakuwa ameuona. Siku zile za kupiga picha walianza na msiba siku ya Jumatatu, posa ikaja Alhamisi, na Ijumaa walirudi nyuma kupiga wachumba wanavyokutana. Kila jioni aliingia ndani akijiuliza kama Khatibu anajua kuhesabu siku.

Kezia alisimama. "Sikilizeni. Mimi siyo mjinga, maigizo nayajua. Lakini zamani filamu ilikuwa kwenye CD, mtu akiivunja imekwisha. Hii ipo kwenye mtandao. Kila mwenye simu Kasanda, Kibondo, hadi huko Nyabibuye, atamwona mke wa Isack akiozwa kwa mwingine, na baba yake akinywa, na ng'ombe akipita. Kesho atamwona, keshokutwa, na sisi tukifa bado atamwona. Kesho saa kumi nitarudi. Nionyesheni mwisho. Kama mwisho kaachika, au kakataa, au hata kafa, nitanywa. Kama kaolewa na fundi simu wakaishi kwa raha, mimi simpeleki kwetu mke wa watu. Kwaheri, Mzee Felisiani."

Asubuhi Kezia alipofika alikuwa amemwita mkwe, siyo mzee.

Isack alibaki nyuma kidogo karibu na gari, akijifanya anatazama tairi. Alikuwa nesi Kibondo, likizo yake ilikuwa imebaki siku nne. Evaline alimfuata.

"Wewe unajua yalikuwa maigizo. Nilikupigia simu siku ileile."

"Najua."

"Basi mwambie."

"Nimemwambia njia nzima. Ananiuliza, ulikuwepo? Sikuwepo. Ananiuliza, aliyekunywa ni baba yake au siyo? Ni baba yako, Eva. Nimechanganyikiwa."

"Wewe ni nesi. Watu wakija wamechanganyikiwa unawafanyaje?"

"Nawapima joto."

"Pima basi," alisema Evaline, akaondoka bila kumpa mkono.

*

Duka la Khatibu lilikuwa nyuma ya soko la Kasulu. Babu yake alitoka Tanga na magunia mawili ya chumvi, na tangu hapo ukoo mzima haukuwahi kuuza kitu kilichopitwa na wakati, mpaka CD zilipowakuta. Sasa zilining'inia mlangoni zimefungwa kwa kamba, kumikumi, kwa ajili ya wakulima wanaofukuzia ndege kwenye mtama. Felisiani mwenyewe alikuwa na ishirini shambani. Asubuhi ya kesho yake alisalimia, akavuta benchi, akasema alichokuja kusema: apewe mwisho wa filamu aende nao.

"Mzee wangu, sina," alisema Khatibu.

"Filamu si yako?"

"Yangu. Ila nimewapa watu wa Dar, wameiweka kwenye mtandao. Kompyuta yangu ilijaa nikafuta."

"Nao wameiweka wapi? Nyumba gani?"

"Hakuna nyumba." Khatibu alihangaika na mikono. "Fikiria bomba. Tangi liko mbali. Wewe unafungua koki, maji yanakuja kidogokidogo, unakunywa palepale. Huweki kwenye ndoo."

"Bomba nalijua," alisema Felisiani. "Ndiyo maana nachota kisimani."

Evaline, aliyekuja na baba yake akakaa pembeni, aliuliza, "Kaka Khatibu, mwisho mimi ninaolewa au siolewi?"

Khatibu alifuta kioo cha kabati kisichokuwa na vumbi. "Dada yangu, hapo pana jambo. Tulipiga miisho miwili. Mmoja unaolewa. Mwingine unarudisha ng'ombe. Watu wa Dar walisema watachagua wenyewe."

"Wakachagua upi?"

"Sijauona."

"Filamu yako mwenyewe hujaiona?" Felisiani alisimama, akakaa, kwa kuwa kusimama hakukumsaidia.

"Natakiwa kuilipia kama watu wengine! Elfu moja, unapewa saa arobaini na nane za kutazama. Nimelipia juzi jioni, leo saa kumi na moja inafungwa. Nikijaribu, inakwama kwenye chungu. Watu mia mbili na kumi na nne wameifungua, nimeona hesabu, na karibu wote wameishia kwenye chungu. Bando dogo linafika hapo tu."

Aliwafungulia waone. Wanakijiji wa kwenye simu walitembea, wakasalimiana, wakaketi, Felisiani akakohoa, akatoa maneno yake mazuri, akainama. Kiduara. Asubuhi ile mji mzima ulikuwa kwenye simu, hakuna kilichosogea. Felisiani alijitazama mashavu yake yaliyoingia ndani akaona amezeeka.

"Na umeharakisha mno," alisema kwa uchungu. "Siku ile tulikaa saa tatu. Hapa ni kufumba na kufumbua."

"Waliniambia kila dakika inakula bando la mtazamaji, punguza mambo. Nikapunguza hata kabla ya kupiga."

Kutoka nyuma ya kabati la kioo la mafundi simu, upande wa pili wa duka, iliinuka sauti. Alikuwa Saady, bisibisi mdomoni, bwana harusi wa kwenye filamu. "Mzee, shikamoo. Mimi nina kesi kuliko yako. Mke wangu Firdausi ameiona mpaka hapohapo. Tangu juzi ananiita bwana harusi. Chai ananiwekea mezani na kisahani, kama mgeni, halafu anakaa mbali ananitazama."

"Si umwambie hukuoa?"

"Nimemwapia! Mimi hata pombe sinywi, mzee, ule mrija niliubana kwa meno, hakikupita kitu. Ananijibu, 'Mbona mashavu yaliingia?'"

Felisiani alimtazama mkwe wake wa kwenye simu kwa huruma, kisha kwa hasira, kisha akashindwa amtazame vipi. Saady ndiye aliyetoa ushauri: waende Nyakitonto, kwenye kile kilima chenye tangi la shule, kinachotazamana na mnara uso kwa uso, hakuna watu wa kugombania. Khatibu akanunua bando kubwa ambalo hajawahi kumnunulia hata mama yake. Wakapakiana kwenye pikipiki mbili.

*

Saa kumi kasoro robo kilima kilikuwa kimejaa. Habari ilikuwa imetembea kwamba Evaline atajulikana leo kama ni mke wa mtu. Kezia alikaa juu ya jiwe na kanga miguuni, Isack nyuma yake. Manirambona alibebwa kwenye baiskeli ya mtu. Generosa alipanda na chungu kichwani, na alipoulizwa kwa nini, alisema pombe ikiachwa peke yake na watu wa kijiji kile haimalizi saa moja.

Saady aliamuru simu zote zizimwe, asije mtu akavuta mtandao pembeni. Zilizimwa simu kumi na tisa, na mtu mmoja aliyekuwa na redio naye akaizima kwa heshima. Khatibu alifunga simu yake juu ya mpini wa jembe, Marcel akaushika mpini ule akiuelekeza kwenye mnara, goti lake bovu likitetemeka, na picha nayo ikitetemeka.

Ikaanza. Ikakwama. Ikaenda. Kila kiduara kilipotokea watu waliacha kupumua, kana kwamba pumzi ndiyo iliyokuwa ikiziba. Kilipofika chungu, kilima kizima kiliyasema maneno ya Felisiani pamoja naye, maana kila mtu alikwisha kuyajua: "Mkimkuta na kosa mrudisheni kwetu, msimpige." Kiduara kilizunguka hapo kwa muda wa kumenya ndizi tatu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu waanze kuitazama, Felisiani wa kwenye simu aliinua kichwa akajifuta mdomo. Watu walipiga vigelegele kama mtu amefufuka.

Walimwona ng'ombe wa Marcel akipita. Marcel alilia "Huyo!" na picha ikaenda mawinguni, akakemewa, akairudisha. Waliona msiba ambao hawakuelewa ni wa nani. "Nani kafa?" aliuliza Manirambona. "Wewe," alijibu Felisiani, "hukumbuki walikulaza?" Mzee alijipapasa kifua. Saa kumi na nusu. Saa kumi na dakika hamsini. Ikafika Evaline amekaa peke yake chini ya migomba analia, jua linazama nyuma yake, na muziki wa kinanda ukajaa, kila mtu akajua mwisho ndio huo. Mkono wa mwanamume ukatokea pembeni, ukawekwa begani kwa Evaline. Kamera ikaanza kugeuka kumfuata mwenye mkono.

Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi, Saady akayasoma kwa sauti inayofifia: "Muda wako wa kutazama umekwisha. Lipia tena."

"Mkono wa nani?" Kezia alisimama. "Ule mkono wa nani?"

"Wa Saady," alisema mmoja.

"Siyo wangu! Mimi nina kovu la kuungua, tazama!"

"Wa Marcel," alisema mwingine, na Marcel akaangusha mpini, simu na kila kitu.

Khatibu aliokota simu akaanza kulipia tena, akisema mkono ule upo kwenye miisho yote miwili na mwenye mkono hamkumbuki. Kiduara kilitokea hata kwenye malipo. Wote wakamgeukia Evaline. "Wewe ulikuwepo. Aliyekushika ni nani?"

"Sijui. Niliambiwa nitazame mbele na nilie. Nilikuwa nawaza maharage niliyoacha jikoni."

Kezia alikung'uta kanga yake. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Generosa kuliko hasira. "Basi," alisema kwa upole. "Nimekuja mara mbili. Nimetazama. Sijui nimeona nini. Siwezi kuondoka na binti ambaye sijui kama ni wa watu. Isack, twende."

Isack alimtazama shangazi yake, akamtazama Evaline, na miguu yake ikashindwa kuamua. Mwisho aliketi chini kwenye majani, pale alipokuwa, suruali yake nzuri na yote. "Mimi siendi," alisema. Ndilo jambo pekee alilosema siku ile, na alilisema akiitazama ardhi.

"Shangazi," Evaline aliita. "Ile yako ya jana bado unayo? Zile sekunde arobaini?"

Kezia aliitoa simu kifuani. Picha ilikuwa palepale, Felisiani na mashavu yake. Alikuwa ameogopa kuizima, hata Saady alipoamuru.

"Irudishe nyuma. Wote tazameni. Mnitafute mimi humo."

Waliinama. Baba alikuwepo. Wazee walikuwepo. Suti ya Saady ilikuwepo, na kuku mmoja aliyepita bila kuambiwa. Walitazama mpaka kiduara. Kezia akairudisha tena, mara hii akiwa ameisogeza karibu na pua.

"Hupo," alisema.

"Sipo. Nilikuwa jikoni nawapikia watu wa kamera. Kaka Khatibu alisema kuniita na kuniuliza ni kurefusha, bando la watu litaisha. Sasa niambieni, wazee. Chungu hakinywewi mpaka binti aulizwe mara tatu. Ni nani aliyeniuliza? Ni nani aliyesimama akasema, Evaline, tunywe? Mara ya kwanza nani? Ya pili? Ya tatu?"

Upepo ulipita juu ya tangi. Wazee waliokunywa siku ile walianza kutazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama miguu. Wakazi wa Nyakitonto walikuwa wameitazama posa ile tangu jana, Kezia ameitazama mara kumi, watu mia mbili na kumi na nne wasiojulikana wameitazama, na hakuna aliyeona kwamba mwenye kuolewa hayumo.

Manirambona alishuka kwenye baiskeli kwa shida. "Miaka thelathini," alisema polepole. "Nimekunywa chungu bila kusikia sauti ya binti. Mimi." Alimgeukia Kezia, uso wake umekuwa mdogo. "Mama, pombe ile haikumfunga mtu. Tulikunywa tu kama walevi."

"Wazee wa Nyakitonto," alisema Kezia, "mnakunywa kwanza, binti mnamkumbuka baadaye."

"Na jana?" Evaline aliuliza. "Jana mirija ilikuwa imeshagawiwa, mmeanza kuulizana ng'ombe wa nani, kaoa nani. Nilikuwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyesema, hebu tumwite."

"Hiyo ni kweli," alisema Generosa, na sauti yake ilikuwa na kitu cha zamani kidogo, labda cha siku ya chungu chake mwenyewe. Akakivuta kile chungu alichokuwa amekitua, akakiweka katikati yao kwenye majani. "Haya. Muulizeni."

Ua ulikuwa mbali, ila mirija Generosa alikuwa ameifunga kwenye kitenge akaja nayo. Manirambona aliigawa mmoja mmoja. Alipomfikia Kezia, Kezia aliupokea, akaushika juu, mbali na mdomo.

"Evaline," aliita mfungua vyungu. "Wageni hawa wametoka Kibondo. Tunywe?"

"Kunyweni."

"Evaline. Pombe hii tukiinywa hairudi. Tunywe?"

Alimtazama Isack aliyekaa kwenye majani. "Kunyweni."

"Evaline, mara ya tatu. Tunywe?"

Evaline hakujibu. Alitazama mnara wa simu ng'ambo ya bonde. Alitazama migomba ya baba yake huko chini. Isack aliinuka nusu, akabaki nusu. Marcel alianza kusema kitu, mtu akamfinya. Wote walikuwa wakimtazama usoni jinsi walivyokuwa wakikitazama kile kiduara, hawapumui, na Evaline aliliona hilo, akawaacha wangoje. Aliwaacha mpaka aliporidhika.

"Kunyweni," alisema.

Vigelegele havikuwa vimeanza, kwa sababu ilikuwa zamu ya baba. Felisiani alisimama, akakohoa. Maneno yake yalikuwa yamekwisha kutumika, kilima kizima kinayajua kwa moyo. Aliyatafuta mengine, hayakuja. "Huyu ni mtoto wangu," alisema. Alingoja. "Huyu ni mtoto wangu," akarudia, akakaa. Kezia alimwitikia kwa kichwa.

Wazee wakainama. Kezia naye alisogea, akaingiza mrija kwenye chungu, akaufikisha mdomoni, na ghafla akasimama hapo. Kwa kona ya jicho alikuwa amemwona Khatibu, amepiga goti nyuma ya jiwe, simu imeinuliwa.

"Mkwe," Kezia alimwambia Felisiani, bila kuutoa mrija. "Mwambie huyo azime kwanza."

Khatibu akazima. Ndipo Kezia akanywa, na mashavu yake yakaingia ndani.